Ya Kabatini na ya Kichwani

Helmeti yangu ilipasuka kidevuni. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, kwenye uwanja wa kuegesha magari wa maduka fulani hapa Coventry, kundi letu la wakusanya nakala za vitu vya sinema linachangisha fedha za wagonjwa. Mimi nimo ndani ya helmeti nyeupe ya Stormtrooper, wale askari wa sinema za Star Wars, jasho linanitiririka mpaka kwenye soksi. Mtoto mmoja akaninyooshea mkono tusalimiane. Nikapiga hatua kumfuata, na kwa kuwa ndani ya helmeti ile huoni chochote kilicho chini ya kifua chako, sikuona ukingo wa njia ya waenda kwa miguu. Nikajirusha pembeni nisimwangukie mtoto, kidevu cha helmeti kikatangulia kwenye lami. Ko! Mtoto akacheka mpaka akakaa chini. Mama yake akaniomba radhi, maana Waingereza huomba radhi hata wewe ukiwakanyaga.

Goti lilichubuka, lakini si goti lililoniuma. Helmeti ile ilikuwa imekaa kabatini kwangu miaka mitatu bila kuguswa na yeyote, na nilikuwa nimeitetea ikae huko kwa maneno mengi sana.

Nirudi nyuma kidogo. Mimi ni fundi bodi. Kunyoosha mabati, kupiga pati, msasa na rangi nilijifunzia mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Sinema hizi nazo nilizijulia kibanda umiza: benchi la mbao, televisheni moja, watu sitini, na mtafsiri anayetia maneno yake juu ya sauti ya filamu, mengine hata hayamo. Kwamba kuna watu wazima, wenye mkopo wa nyumba na wajukuu, wanaokusanya nakala za vitu vilivyotumika kwenye sinema hizo, nilikuja kujua nikiwa gerejini huku.

Mfanyakazi mwenzangu alikuja siku moja na helmeti ndani ya mfuko wa supamaketi. Rangi ilikuwa inabanduka, akataka nimpigie upya. Nikaigeuza nitazame ndani, kwa mazoea tu. Bampa ikiletwa kwako na mwenyewe anaapa haijawahi kugongwa, husomi uso wake, unasoma mgongo wake. Nikamwambia kazi ndogo, nitakurudishia inang'aa kama yai. Akanishika mkono. "Usiifanye nzuri mno," akasema. "Zenyewe hazikuwa nzuri."

Hapo ndipo nilipoanza kunaswa. Zile za mwaka 1976, zilizotengenezwa kwa ajili ya filamu ya kwanza, zilitoka kwenye karakana ndogo ya Andrew Ainsworth huko Twickenham, pembezoni mwa London. Karatasi ya plastiki ilipashwa moto ikalainika, ikalazwa juu ya kalibu, hewa ikafyonzwa kwa chini, plastiki ikashika umbo. Nyingi zilikuwa za polithini ngumu, halafu zikapakwa rangi nyeupe. Hizo wakusanyaji huziita za stanti, yaani za matukio ya vurumai. Chache, za kupigwa picha kwa karibu, zilikuwa za plastiki ya ABS ambayo ni nyeupe yenyewe. Sasa, mpaka rangi yeyote atakwambia polithini haipendi rangi. Utaipaka leo, kesho inatoka kama ganda la kitunguu. Kwa hiyo zile za kwenye sinema zilikuwa zimebanduka, zimechorwa mistari kwa mkono uliokuwa na haraka, upande mmoja haulingani na mwingine. Mwenzangu alitaka kasoro hizohizo, zirudishwe pale pale zilipokuwa. Nilikaa wiki mbili nikipaka rangi vizuri ili ionekane imepakwa vibaya. Gerezani wangenicheka.

Baada ya hapo nikanunua yangu. Pauni 350. Mke wangu hupima kila kitu kwa mabati ya nyumba yetu isiyokwisha kule Newala, kusini mwa Tanzania, na alipoiona aliuliza swali moja tu: "Hii ni bati ngapi?" Sikumjibu. Nikanunua na kabati la vioo, nikaiweka rafu ya juu, nikavuta pazia la dirisha la upande ule kwa sababu ABS nyeupe ikikaa juani hugeuka njano kama meno ya mvuta sigara.

Kundi letu hukutana mara moja kwa mwezi kwenye ukumbi wa kanisa, na kila mwezi ubishi ni uleule. Kuna wa kabatini na kuna wa kichwani. Kiongozi wa wa kabatini ni mzee mmoja, mstaafu wa posta, mpole, ambaye hashiki kitu chake bila glavu za pamba. Hoja yake ni kwamba nakala nzuri ni kumbukumbu. Ina vipimo sahihi, rangi sahihi, na kila jasho, kila mkwaruzo, unakula usahihi huo kidogokidogo. Kiongozi wa wa kichwani ni dada muuguzi, sauti kubwa, helmeti yake imekwaruzika kama sufuria ya mama ntilie. Yeye husema kitu kilichotengenezwa kivaliwe kikikaa bila kuvaliwa kimekuwa bakuli lililoinamishwa.

Mimi nilikuwa wa kabatini, na nilijua sababu yangu haikuwa usahihi. Ilikuwa zile pauni 350. Mtu anayetuma hela nyumbani kila mwisho wa mwezi, akishatumia kiasi hicho kwa mchezo, anataka walau mchezo wenyewe usichakae.

Jumamosi ile waliniomba kwa sababu mtu mmoja aliugua na askari walipungua. Yule dada akaniambia, "Kaka, muuzaji wako si alisema ni ya kuvaa?" Kweli alisema. Iliandikwa hata kwenye boksi.

Nilipofika nyumbani na ufa wangu nikaiweka mezani, nikaigeuza, na kwa mara ya kwanza tangu niinunue nikaitazama ndani kwa taa. Mimi ninayegeuza bampa za wenzangu, yangu sikuigeuza miaka mitatu. Ndani kulikuwa na kipande kimoja cha sponji kilichobandikwa utosini kwa gundi, upana wa vidole vitatu. Basi. Uso na kisogo vilishikana kwa ribiti moja kila upande, iliyopita kwenye plastiki ya unene wa milimita 2 bila kipande cha kuitia nguvu kwa nyuma. Kingo za tundu la shingo zilikuwa kali za kukata uzi. Kioo cheusi cha macho kilikuwa kimebanwa kwa skrubu mbili ndefu, ncha zake zinanitazama usoni. Ningeanguka vibaya zaidi kidogo, habari ingekuwa nyingine.

Hiyo "ya kuvaa" ilikuwa na maana ya "kichwa kinaingia". Tangu siku ile sisikii tena neno hilo bila kuuliza maswali. Kichwa cha sentimita ngapi? Changu ni 61, na helmeti nyingi hufuata vipimo vya sinema, na zile za sinema zilitengenezwa kwa ajili ya waigizaji wembamba waliozivaa kwa dakika chache, wakavua, wakanywa chai. Hata hao hazikuwatosha kuona: kwenye filamu yenyewe kuna askari anajigonga kichwa mlangoni, na tukio hilo liliachwa humohumo, watu wanalicheka mpaka leo. Mtu wa kundi letu huvaa kwa muda wa saa tatu, nne. Kwa hiyo nakala nyingi zinazovalika kweli zimeongezwa ukubwa kidogo, na hapo mzee wa posta ana haki ya kulalamika kwamba si vipimo vya asili. Lakini za kwake nazo, zimenyooshwa pande zote zikalingana, zimepakwa rangi bila tone moja kumwagika. Ni safi kuliko ile ya 1976 ilivyowahi kuwa siku yoyote. Mmoja ameipanua, mwingine ameipamba, na wote wawili wanaapa wanailinda ya asili.

Kuitengeneza nilitumia jioni nne. Ufa unauchimba kwa kisu uwe na umbo la V, ili gundi ipate pa kukaa. Vipande vya ABS vilivyobaki vya rangi ileile unaviloweka kwenye asetoni ndani ya chupa ya kioo, usiku mmoja vinakuwa uji mzito. Uji huo ndio kiraka, kwa sababu ukikauka unakuwa ABS tena na kushikana na mwenzake, si kama pati ambayo inakaa juu tu. Kwa nyuma nikalaza kitambaa cha wavu, uji juu yake. Nikasubiri siku mbili, maana ukipiga msasa mapema kinashuka na kuacha bonde. Halafu msasa mkavu, msasa wa maji, na kung'arisha.

Kisha nikaifanyia kile ambacho muuzaji aliandika kwenye boksi. Nilitoa mikanda ya ndani ya kofia ngumu ya ujenzi, ile yenye kizungushio nyuma, nikaifunga humo ili uzito ukae kwenye kichwa kizima na si utosini. Nikaweka sponji za mashavu kwa velkro, zitolewe zifuliwe. Ribiti nikazibadili kwa skrubu na nati pana. Feni mbili ndogo za kompyuta nikaziweka karibu na mdomo zivute hewa ya nje, na betri yake nikaifunga mkandani, si ndani ya helmeti. Betri nazitoa kila nikivua. Nimeshaona helmeti ya mtu iliyoliwa na maji ya betri iliyosahauliwa humo msimu mzima wa baridi. Na sitoki tena bila msindikizaji, mtu asiyevaa chochote anayetembea pembeni yako na kukwambia "ngazi", "mtoto kushoto", "simama". Makundi makubwa ya duniani, kama 501st Legion lililoanzia Marekani mwaka 1997, yamezoea jambo hilo zamani. Sisi tulikuwa tunaona aibu.

Mdogo wangu wa Dar alipoona picha akaomba nimtumie moja aendeshee bodaboda. Nilimkatalia kwa ukali ambao sikuwa nao hata kwa mke wangu. Helmeti ya pikipiki ina tabaka nene la povu gumu linalokubali kupondeka ili kichwa kisipondeke. Hii ina sponji ya kochi.

Kosa jingine nilifanya na taji. Filamu ya Black Panther ilipotoka mwaka 2018, binti yangu alitaka taji la Malkia Ramonda. Lile la kwenye filamu lilibuniwa na Ruth E. Carter pamoja na Julia Körner, likachapishwa kwa printa ya 3D, na umbo lake linatokana na isicholo, kofia ya wanawake wa Kizulu walioolewa. Nikaomba rafiki anichapishie nakala kwa PLA, plastiki ya bei nafuu ya printa hizo. Ikatoka safi sana. Nikaipaka rangi tabaka tatu, nikaiacha kwenye dashibodi ya gari tukaingia dukani. PLA huanza kulegea kwenye nyuzi joto takriban 60, na dashibodi juani hufika hapo bila taabu, hata Uingereza. Tuliporudi taji lilikuwa limelala upande mmoja kama chapati iliyotolewa haraka. Rafuni lingedumu miaka. Binti hakulia, ila alilivaa hivyohivyo kwa siku mbili kunikomoa.

Kuhusu yule Ainsworth wa Twickenham kuna jambo lililonishangaza kuliko yote. Mwaka 2004 alianza kuuza nakala kutoka kwenye kalibu zake. Lucasfilm, kampuni iliyotengeneza Star Wars, wakamshitaki; mahakama ya California ikaamuru alipe dola milioni 20. Kesi ikaja Uingereza na kupanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa hukumu mwezi wa saba mwaka 2011. Swali moja kubwa lililowekwa mbele ya majaji lilikuwa hili: je, helmeti hii ni sanamu? Kama ni sanamu, ina hakimiliki ya muda mrefu. Walisema si sanamu. Kazi ya sanaa ilikuwa filamu. Helmeti ilikuwa kifaa cha kuitengenezea filamu hiyo, kitu chenye kazi yake. Hata hivyo mahakama ilikubali kwamba madai ya hakimiliki ya Marekani yanaweza kusikilizwa Uingereza, kwa hiyo hakutoka mzima mzima.

Niliwasomea hukumu hiyo kwenye ukumbi wa kanisa kwa Kiingereza changu cha gereji. Yule dada alipiga meza: mnaona, kifaa! Mzee wa posta akakaa kimya, akafuta miwani, halafu akauliza, "Na hii yangu, ambayo haijawahi kuvaliwa na haitavaliwa, majaji wangesemaje?" Hakuna aliyemjibu. Mimi nadhani aliuliza swali zuri kuliko ya wote mle ndani, na bado nalifikiria.

Nakala na kitu chenyewe, lakini, ni mambo mawili. Mwaka 2022 Kim Kardashian alivaa kwenye Met Gala, ile hafla ya mavazi ya New York, gauni ambalo mwigizaji Marilyn Monroe alilivaa mwaka 1962 akimwimbia Rais Kennedy wa Marekani. Alipanda nalo ngazi, halafu akabadili, akavaa nakala yake. Wahifadhi wa makumbusho walikasirika, na baraza lao la kimataifa, ICOM, likasema mavazi ya kihistoria hayapaswi kuvaliwa na mtu yeyote. Hapo niko pamoja nao asilimia mia. Uzi wa mwaka 1962 haurudi. Ila nilichoona katika habari ile ni kwamba nakala ilifanya kazi yake sawasawa: ilikaliwa, ilichezewa, ilitokwa jasho.

Picha ya helmeti yangu ikiwa kabatini nilimtumia mjomba wangu wa Newala, kabla haijapasuka. Mjomba ni mchongaji. Amechonga vinyago vya kuuzia watalii, vile vya mpingo vya kuweka mezani, na amechonga mapiko, vinyago vya kuchezea ngoma vya Wamakonde, ambayo ni habari nyingine kabisa. Lipiko huchongwa kwa mti mwepesi, kwa sababu linaingia kichwani kama helmeti na mchezaji atalicheza juani akiwa amefungwa nguo mwili mzima. Kwa kawaida anachungulia kupitia mdomo, si macho. Watoto ambao hawajaingia jandoni hawatakiwi kujua ni nani aliye ndani. (Kundi letu la Coventry nalo lina sheria yake: huvui helmeti mbele ya watoto. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu.)

Mjomba aliitazama picha, akapiga simu.

"Mwanangu, hili linachezwa lini?"

"Halichezwi, mjomba. Ni la kutazama tu."

"La kuuza?"

"Hapana. Nimelinunua mimi."

Kimya. Nikasikia jogoo nyuma yake.

"Sasa tundu la shingo walilitoboa la nini?"

Nikajaribu kumweleza habari ya makumbusho. Akanikumbusha lile lipiko la Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam lililoibwa mwaka 1984, likaja kuonekana Geneva kwenye makumbusho ya Barbier-Mueller, na kurudishwa mwaka 2010. Mjomba hana ugomvi na waliolirudisha, alisema asante walipolirudisha. Lakini alisema limetoka kwenye kioo, likaenda kwenye kioo, likarudi kwenye kioo, na mtu aliyelichonga alilipunguza unene kwa patasi ili lisimuumize mtu shingo. "Hao wanaolitazama wanaona uso," akasema. "Kazi iko ndani."

Sikuwa na jibu, na ukweli ni kwamba sikumwelewa mpaka nilipoigeuza yangu ikiwa na ufa.

Siku hizi helmeti yangu inakaa kabatini katikati ya wiki. Kiraka kinaonekana ukijua pa kutazama. Mzee wa posta alikiona ndani ya dakika moja, akavaa glavu zake, akaichukua, akaigeuza. Alikaa nayo muda mrefu akichungulia ile mikanda na feni. Akauliza vipande niliviloweka kwenye asetoni kwa saa ngapi. Hajavaa yake, na sidhani atavaa, na mimi nimeacha kumshawishi. Juzi nimemtengenezea stendi ya mbao yenye umbo la kichwa, kwa sababu zake zilikuwa zinakaa kwa kingo za shingo na kingo zilikuwa zimeanza kupinda kwa uzito wake mwenyewe. Nayo hiyo ni kazi ya ndani.

Wateja wamekuwa wengi. Kabla sijagusa rangi nauliza: rafu au kichwa? Wengi hujibu vyote viwili, nami nawaambia inawezekana, lakini ni bei mbili. Jumamosi hii kuna kijana ananiletea helmeti aliyomnunulia baba yake kwa siku ya kuzaliwa, anataka iwe ya kuvaa, ila iwe siri, baba asijue. Nimemwambia siri sawa, lakini futi kamba ipite kwanza kwenye kichwa cha mzee. Ameahidi kumpima akiwa usingizini.